SOMO: NCHI IKITAKA KUJITOA KATIKA UMOJA

Wasomaji wetu wa Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa, husikia mara kwa mara habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na za nchi za kusini zilizoungana kwa jina la SADC. Mara husikia kwamba nchi fulani yataka kuingia, mara husikia kwamba nchi nyingine yatishia kutoka. Wako wasemao, "Na tutoke, maana tunapunjwa." Wako na wengine wasemao, "Tukitoka tumekwisha." Pande zote mbili husema kwa nguvu, walakini ni wachache waulizao maswali yaliyo ya lazima: Kutoka ni kufanya nini hasa? Hutokwa kwa mlango upi? Na gharama yake hulipwa na nani?

Somo hili lakusudia kueleza jambo hilo kwa mifano mitatu iliyotokea katika nchi yetu wenyewe, ili kila msomaji apate mizani ya kupimia maneno ayasikiayo barazani na katika redio.

1. Umoja wa nchi ni kitu gani?

Mkulima wa korosho aelewa jambo hili upesi, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mwanachama. Korosho zake huzipeleka katika ghala kwa njia ya chama cha msingi, na chama hicho kimo chini ya chama kikuu cha RUNALI, kiunganishacho Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Akiisha kuingia, hana tena ruhusa ya kumwuzia kila mchuuzi apitaye kijijini. Badala yake hupata nguvu ya mnada, ambapo wanunuzi hushindania mzigo mkubwa wa watu wengi. Tena ana haki ya kusema katika mkutano, na ana fungu lake katika mali ya chama, na katika madeni yake pia. Basi katika uanachama mna mambo matatu: uhuru uliotolewa, faida iliyopatikana, na mali na deni vilivyo vya shirika.

Nchi nazo ni vivyo hivyo, ila umoja wao una ngazi. Ngazi ya kwanza ni kuondoleana ushuru wa bidhaa zitokazo ndani ya umoja. Ya pili ni umoja wa forodha, ambapo nchi zote hutoza ushuru wa namna moja juu ya bidhaa zitokazo nje. Ya tatu ni soko la pamoja, ambapo watu, kazi na mitaji huruhusiwa kuvuka mipaka kwa masharti yaliyoandikwa. Ya nne ni sarafu moja. Ya tano ni shirikisho, yaani serikali moja juu ya zote.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyopo leo ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na mkataba huo ukaanza kufanya kazi tarehe 7 Julai 2000. Walioanza ni Tanzania, Kenya na Uganda. Rwanda na Burundi waliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005, na soko la pamoja mwezi Julai 2010. Mapatano juu ya sarafu moja yalitiwa sahihi mwaka 2013, ila sarafu yenyewe haikutolewa bado.

Yafaa tuseme pia kwamba Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa mwaka 1964 ni jambo la namna nyingine, kwa maana ulifanya dola moja. Somo hili lahusu mapatano ya dola mbalimbali, ambazo kila moja imebaki na bendera yake, jeshi lake na Bunge lake.

Msomaji na akumbuke neno moja: kadiri nchi ipandavyo ngazi, ndivyo kushuka kunavyozidi kuwa kazi. Aliye katika ngazi ya kwanza huacha mapatano ya ushuru tu. Aliye na reli, bandari na posta za shirika, hana budi kugawana.

2. Mfano wa kwanza: umoja uliokufa bila mlango

Kabla ya Jumuiya ya sasa palikuwa na nyingine. Mizizi yake ilikuwa ya zamani za utawala wa Waingereza, waliounganisha forodha, posta na reli za nchi hizi tatu. Wazee wa Nachingwea walipata kuiona sehemu ya kazi hiyo kwa macho yao. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 uliletewa njia ya reli mpaka Nachingwea, na magari ya moshi yakaendeshwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948. Karanga hazikufanikiwa, mizigo ikawa haba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ile ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Hata katika habari ile ndogo mna fundisho: mali ya shirika hufuata hesabu ya shirika, na wilaya iliyo mbali na meza ya hesabu hupata habari mwisho.

Baada ya uhuru, nchi tatu zilitia sahihi mkataba Kampala mwezi Juni 1967, na makao makuu ya Jumuiya yakawekwa Arusha. Mashirika yaligawanywa ili kila nchi ipate fungu: reli na ndege makao yake Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Tena kwa kuwa viwanda vya Kenya vilikuwa vimetangulia, mkataba uliziruhusu Tanzania na Uganda kutoza ushuru maalum juu ya baadhi ya bidhaa za jirani, ili viwanda vyao vichanga vipate kukua.

Hata hivyo manung'uniko hayakwisha. Tanzania na Uganda ziliona kwamba faida kubwa yaenda Kenya. Kenya nayo iliona kwamba yabeba mzigo wa mashirika yenye hasara. Tena nchi zilishika njia mbalimbali za uchumi, maana Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, na Kenya ikaendelea na biashara ya watu binafsi. Mwezi Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda, na Rais Nyerere akakataa kukaa naye katika mkutano mmoja. Basi baraza la marais watatu, lililokuwa na mamlaka ya mwisho, halikukutana tena. Mashirika yakaanza kuzuiliana fedha, kila nchi ikishika makusanyo ya upande wake.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilikoma kuruka. Mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Katikati ya mwaka huo fedha za kuendeshea Jumuiya hazikupitishwa, nayo ikafa. Umoja ule haukuvunjwa kwa kura ya wananchi. Ulikufa kidogo kidogo, na kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa kugawana uliokubaliwa kwanza, mali iliyokutwa upande huu ilishikwa huku, na iliyokutwa upande ule ilishikwa kule.

Gharama yake tuione kwa miaka. Mpaka ulikaa umefungwa hata Novemba 1983. Malori ya Kenya yaliyokuwa yakipita kwetu kwenda Zambia yalizuiwa, na mbuga zetu za kaskazini zilikosa wageni waliozoea kupitia Nairobi. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi ya hesabu kwa miaka mingi, ndipo mapatano ya kugawana yakatiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984. Katika kila mia ya mali, Kenya ilihesabiwa 42, Tanzania 32, na Uganda 26. Wafanyakazi wa zamani wa Jumuiya wa hapa Tanzania walikuwa wangali wakidai mafao yao barazani na mahakamani hata baada ya mwaka 2000, na wengine walikufa kabla ya kulipwa. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Mfano wa pili: Tanzania yatoka kwa barua

Mfano wa pili ni wa COMESA, soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1993. Tanzania ilikuwa mwanachama. Mwaka 1999, katika zamani za Rais Mkapa, Serikali ilitoa taarifa ya kujitoa, na mwezi Septemba 2000 ikawa imetoka. Mwezi uliofuata, tarehe 31 Oktoba 2000, nchi tisa za COMESA zilianza kuondoleana ushuru kabisa.

Hoja za kutoka zilikuwa hizi. Kwanza, ushuru wa forodha ulikuwa fungu kubwa la mapato ya Serikali, na kuufuta kungepunguza fedha za shule na hospitali. Pili, viwanda vyetu vilikuwa dhaifu, havikuwa tayari kushindana na vya nchi zilizotangulia. Tatu, nchi ilikuwa katika vyama vingi mno, nayo imo tayari katika SADC, na kila chama chataka ada, wajumbe na mikutano.

Hoja za kubaki nazo zilikuwa na uzito. Wenye viwanda na wafanyabiashara walisema kwamba wangepoteza soko kubwa, lenye Misri upande mmoja na Zambia upande mwingine. Tena walionya kwamba Kenya na Uganda, ambazo tumetia nazo sahihi mkataba wa Jumuiya mwaka 1999, zabaki COMESA, nasi twabaki SADC. Kwa hiyo ndugu wa nyumba moja watakuwa na milango miwili isiyolingana.

Onyo hilo lilikuwa la kweli. Umoja wa forodha ulipoanza mwaka 2005, bidhaa ya COMESA iliyoingia Kenya au Uganda ilipata nafuu ya ushuru ambayo haikuipata ikivuka kuja Tanzania, na maofisa wa forodha hawakuwa na budi kuchungua asili ya mali mpakani. Mwaka 2015 nchi za COMESA, SADC na Jumuiya zilitia sahihi huko Misri mapatano ya kuziunganisha biashara zao, nayo yakaanza kufanya kazi Julai 2024.

Lakini tazama tofauti ya 1977 na 2000. Katika COMESA hapakuwa na reli ya kugawana, na taarifa ilitolewa kwa utaratibu. Hapana mpaka uliofungwa, wala mtumishi aliyekosa mafao yake. Mtu aweza kusema kwamba uamuzi ule ulikuwa mwema au mbaya, lakini njia yake ilikuwa njema.

4. Mfano wa tatu: ugomvi uliokwisha kwa kubaki

Mwaka 2013 wakuu wa Kenya, Uganda na Rwanda walikutana mara tatu, Entebbe, Mombasa na Kigali, wakashauriana juu ya reli, bomba la mafuta, forodha, visa moja ya watalii, na hata shirikisho, Tanzania isiwemo. Watu wetu wengi wakauliza kama tumefukuzwa. Wahenga husema, akufukuzaye hakuambii toka. Basi wengine wakasema heri tutoke kwa hiari.

Hoja ya Tanzania ilikuwa juu ya mwendo. Katika majadiliano ya soko la pamoja nchi yetu ilisimama imara juu ya ardhi, isiwe mali ya kununuliwa na kila mwananchi wa Jumuiya. Na ilitaka tahadhari katika ajira na uhamiaji. Juu ya shirikisho, wananchi waliulizwa miaka ya 2006 na 2007, na wengi wa Watanzania waliojibu hawakutaka liharakishwe. Tarehe 7 Novemba 2013 Rais Kikwete alilihutubia Bunge huko Dodoma, akaeleza manung'uniko hayo waziwazi, kisha akasema kwamba Tanzania haitatoka.

Fundisho la mfano huu ni kwamba kati ya kutoka na kunyamaza iko njia ya tatu, nayo ni kubaki na kudai. Mwanachama aonaye kwamba mkutano umefanyika bila yeye, ana haki ya kuuliza mkataba wasemaje.

5. Mlango wa sasa ukoje?

Walioandika mkataba wa 1999 waliikumbuka 1977, ndiyo maana wakaweka mlango. Ibara ya 145 yasema kwamba nchi itakayo kujitoa itafanya mambo mawili. Kwanza, Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Pili, nchi impe Katibu Mkuu taarifa ya maandishi ya miezi 12, nayo yaweza kuifuta taarifa hiyo kabla muda haujaisha. Katika miezi hiyo italipa na kutimiza wajibu wote, na hata baada ya kutoka itadaiwa iliyokuwa imeahidi. Kwa hiyo hapana kiongozi mmoja awezaye kututoa kwa hasira ya siku moja, wala hapana atakayetoka na deni mfukoni.

Nchi nyingine zimepita njia kama hiyo. Uingereza ilipiga kura tarehe 23 Juni 2016, na karibu watu 52 katika kila mia walichagua kutoka Umoja wa Ulaya. Lakini nchi ilitoka tarehe 31 Januari 2020, baada ya miaka mitatu na nusu ya ubishi, na sehemu kubwa ya ubishi huo ulihusu mpaka wa Ireland. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza Januari 2024 kujitoa katika ECOWAS, umoja wa Afrika Magharibi, nazo zikahesabiwa kuwa zimetoka tarehe 29 Januari 2025. Tangazo ni la siku moja. Kutoka ni kazi ya mwaka na zaidi.

6. Na sisi wa Marambo?

Msomaji aweza kuuliza, "Mambo haya ya marais yanihusu nini mimi na shamba langu?" Na tuhesabu pamoja.

Mazao yetu makubwa, korosho, ufuta na mbaazi, aghalabu huvuka bahari kwenda Asia. Bei yake haipandi wala haishuki kwa sababu ya ushuru wa Jumuiya. Mwezi Agosti 2017 India iliwekea mpaka mbaazi ziingiazo nchini mwake, na bei hapa kwetu ikaanguka vibaya. Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ilikuwa imekwisha kupatana na India mwaka 2016 juu ya kiasi cha kuuza, na mapatano hayo yakaheshimiwa. Hapo twaona kwamba mapatano ya nchi mbili nayo yaweza kumkinga mkulima. Basi asemaye kwamba tukibaki katika Jumuiya bei ya mbaazi itapona, na asemaye kwamba tukitoka itapona, wote wawili wamekosa shabaha.

Jumuiya yatugusa zaidi katika yale tununuayo. Ushuru wa pamoja juu ya bidhaa za nje ulianza kwa makundi matatu: mali ghafi na mashine nyingi bila ushuru, vitu vilivyotengenezwa nusu 10 kwa mia, na vitu vilivyokamilika 25 kwa mia. Mwezi Julai 2022 liliongezwa kundi la 35 kwa mia. Ushuru mkubwa huvikinga viwanda vya Afrika Mashariki, lakini mnunuzi wa Ruangwa ndiye alipaye tofauti dukani. Tukitoka, Serikali itakuwa huru kuupunguza au kuuongeza. Lakini mahindi na bidhaa zetu ziendazo Kenya au Uganda zaweza kutozwa kama za mgeni. Wala kubaki si kinga kamili. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Zuio likaondolewa kwa masharti baada ya siku chache, kwa kuwa palikuwa na mahali pa kuzungumza.

Kwa upande wa kusini, jirani yetu wa karibu ni Msumbiji, naye hayumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yumo SADC pamoja nasi. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma lilifunguliwa mwezi Mei 2010. Kwa hiyo mtu wa Marambo akisikia habari za umoja, na aulize ni umoja upi. Wa kaskazini na wa kusini haumgusi kwa namna moja.

7. Mizani ya kupimia

Mtu akikuambia nchi itoke, au ibaki, mwulize mambo manne. La kwanza: ni faida gani hasa tuipatayo leo, na nani huipata? La pili: uhuru upi tutaurudisha, na tutautumia kwa kazi gani? La tatu: mali na deni la pamoja litagawanywaje, na hesabu imeandikwa wapi? La nne: watu wa mpakani, wachuuzi, wanafunzi na wafanyakazi walio ng'ambo watakuwa katika hali gani siku ya pili yake? Asiyeweza kujibu maswali haya hajawa tayari kutoka, wala hajajua kwa nini abaki.

Tembo wapiganapo, nyasi huumia. Mwaka 1977 wakubwa waliacha kukutana, na waliolipa ni wafanyakazi wa reli na posta, wenye malori, na ndugu waliotengwa na mpaka. Umoja wa hiari haumfungi mtu milele. Lakini heshima ya kutoka, kama ile ya kuingia, ni kufungua daftari mbele ya watu wote na kuhesabu kwanza.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Taja tofauti kati ya kuondoleana ushuru na umoja wa forodha.
2. Kwa nini kugawana mali kulichukua miaka mpaka 1984?
3. Ungalikuwa mbunge mwaka 1999, ungaliishauri Serikali itoke COMESA? Toa sababu mbili.
4. Theluthi mbili ya wabunge ni kinga au ni kizuizi? Jadilianeni.
5. Katika vitu vitano ulivyonunua mwezi huu, vingapi vimetoka nje ya Tanzania, na kutoka nchi ipi?